Baba Kwenye Mpango wa Biashara

Jua likianza kushuka, mshona mikoba alikuwa anafunika kopo la gundi, anafuta meza ya jikoni, anapanga kazi ya siku hiyo mbele ya kiti cha dirishani. Kona za mikoba yake alizichora kwa kuzungushia kikombe kilichopinduliwa, na kikombe chenyewe alikuwa anakirudisha haraka, maana mama yake alikihitaji kwa chai ya baba. Kisha baba aliingia, akavua viatu mlangoni, akakaa. Alikuwa amefariki miaka kadhaa nyuma, lakini kwenye kazi hakuwahi kuchelewa.

Enzi za uhai wake alikuwa fundi viatu. Alipitisha ukucha juu ya mshono, polepole, na pale uzi ulipolegea aligonga meza.

"Fumua, Kidole."

Kidole ni jina alilompa binti yake utotoni, kwa jinsi alivyokuwa anajichoma sindano. Hakuna mwingine aliyemuita hivyo.

"Baba, jamani, huko ndani nani ataona?"

"Si wewe umeshaona?"

Basi Kidole alifumua huku amenuna. Baba akimaliza ukaguzi, mama alivuta stuli, akamwekea chai. Hakuinywa, ilipoa tu mbele yake wakati wanaongea: bomba linalovuja, jirani aliyepaka ukuta rangi kama ya dawa ya kikohozi. Giza likikolea alivaa viatu akaondoka. Mama alimwaga ile chai kwenye sinki, akaingia kulala anatabasamu.

Mikoba ilikuwa mizuri na haikununuliwa. Ndiyo maana Kidole akajiunga na mafunzo ya mtandaoni ya wabunifu wanaotaka kuishi kwa kazi zao. Mkufunzi alikuwa kijana mchangamfu, na taa yake ya duara ya kurekodia video iling'aa ndani ya macho yake. Aliwapa wote mpango wa biashara wa kujaza. Kidole alikwama pale alipoulizwa ana nini ambacho wenzake sokoni hawana.

"Natumia ngozi halisi," alisema zamu yake ilipofika.

"Kila mtu anasema hivyo, dada'angu. Kingine?"

"Nashona kwa mkono."

"Kingine."

"Marehemu baba yangu anakuja kila jioni kukagua mishono."

Mkufunzi aliandika. "Mwanga unakuwaje muda huo?"

"Mzuri. Jua linaingia dirishani."

"Sasa hapo ndo kuna biashara! Mikoba weka pembeni kwanza. Mtoe mzee kwenye video."

Kidole akamuandika baba yake kwenye mpango, sehemu ya vitendea kazi, chini ya cherehani ambayo alikuwa bado hajainunua. Kwenye ratiba ya kuposti akampangia kila jioni.

Siku ya kwanza baba aliitazama simu iliyoegemezwa kwenye kopo la gundi.

"Hiyo inaangalia nini?"

"Inakuangalia wewe, Baba."

"Basi ngoja nikae vizuri." Akafunga kifungo cha shingoni.

Ile video ilitembea. Watu walimpenda mzee, wakapenda ukucha wake, wakawa wanamalizia maneno yao na "Fumua" hata pasipo na mshono. Waliuliza mengi, na Kidole akawa anamsomea baba maswali mpaka giza linaingia. Mama alikaa kwenye stuli, kikombe mkononi.

"Mwanangu, huu si ndo muda wangu na yeye?"

"Mama, wiki hii tu. Algoridhimu ikinishika vizuri nitapunguza."

"Huyo naye ni nani?"

"Siyo mtu, Mama."

"Afadhali," mama alisema. "Maana ningemwambia ukweli."

Wiki ile iliisha, ikaja nyingine. Oda zilianza kumiminika. Kidole alinunua cherehani, akamlipia mama fundi bomba. Kisha jioni moja baba alichelewa. Aliingia na vumbi kwenye viatu, akakaa bila kuvivua.

"Nimepitia kwa mtu mmoja, anakaa ghorofani," alisema. "Pazia lake limepinda."

Mtu wa ghorofani alikuwa ameshaposti. Mzee alionekana kwenye sebule yake, anapitisha ukucha kwenye pindo la pazia. Keshoye alikuwa kwa bibi harusi, anakagua gauni. Baadaye kwa familia fulani yenye kochi lililochanika, amekaa wima, kifungo cha shingoni kimefungwa, mbele yake wamemwekea chai kwenye kikombe cha maua. Wote walimtagi Kidole, na wote walimuita Kidole. Nyumbani hakuonekana tena.

Kidole alimpigia mkufunzi.

"Nataka kufuta video zote. Baba harudi."

"Dada'angu, utazifuta za kwako. Za watu je?"

"Labda akiona nimefuta..."

"Ni uamuzi wako. Mimi nakwambia tu, ukifuta, umerudi kwenye ngozi halisi."

Alikaa kitini kwa baba na kidole gumba juu ya kitufe cha kufuta. Oda ya duka zima ikaingia. Akaipokea kwanza, kwa sababu mwenye duka alitaka jibu palepale, na akajiambia kufuta atafuta akimaliza mzigo huo. Usiku ule alishona mkoba, uzi ukalegea kwa ndani, chini ya mfuko mdogo. Aliuona. Alisubiri kidogo, kama kuna mtu atagonga meza. Halafu akaufunga mkoba akautuma. Mteja aliweka nyota tano, akaandika kazi safi.

"Nifungulie na mimi hiyo akaunti," mama alisema siku moja.

Kidole akamfungulia. Tangu hapo, jua likishuka, mama alichemsha chai, akakiweka kikombe mbele ya kiti cha dirishani, akakaa kwenye stuli na simu ameishika mbali na uso, miwani puani. Jioni moja baba alikuwa jikoni kwa watu wasiowajua, anakagua aproni, kwenye video waliyomtagi Kidole naye akaiposti tena kwenye ukurasa wake. Mama alimtazama mpaka mwisho. Kisha akaandika, herufi moja moja:

"Chai yako imepoa."

Ng'ambo ya meza, Kidole alikuwa anajibu komenti. Zilikuwa nyingi, na majina alishaacha kuyasoma siku nyingi. Aliweka moyo mwekundu, akaandika, "Asante kwa sapoti, familia!" Akashuka kwenye inayofuata.

Simu ya mama ililia. Mama aliisoma ile asante taratibu, midomo ikichezacheza. Akavua miwani, akaiweka mezani katikati ya vipande vya ngozi, akachukua kikombe, akaenda kumwaga chai kwenye sinki.

Bomba lilikuwa halivuji tena.