Jina la Mgonjwa

Jumatano moja ya mwaka arobaini na tisa, Anselm alifika Kwihara kwa baiskeli ya serikali, akamwamkia shangazi yake Bertila, aliyekuwa akipepeta karanga, na kumwambia kwa macho makavu kwamba bintiye Veneranda ana minyoo, anaomba mzizi.

Bertila hakumwamini. Dawa ya mtoto mmoja haijazi gunia, na Anselm alikuja na gunia. Lakini mtoto ni mtoto. Alikwenda kwenye mti wake wa kichuguuni, akautajia jina la mgonjwa kama ilivyo desturi, ndipo akachimba.

Wiki ya pili alikwenda Gongoni kumjulia hali. Alimkuta Veneranda anaruka kamba, buheri wa afya.

"Tumbo lilikuuma lini wewe?"

"Halijaniuma, bibi."

Akaenda moja kwa moja hadi maabara alikofanya kazi Anselm. Mezani, minyoo ya nguruwe kutoka machinjioni ilikuwa ikiogelea ndani ya maji ya mzizi wake, minene, haina habari. Daktari Mzungu alikuwa amenuna. Anselm aliinamia bakuli, akanong'ona, "Veneranda." Minyoo ikanyooka, ikafa. Daktari akatazama saa na kuandika dakika.

"Kumbe uliniongopea," alisema Bertila.

"Ni kazi, shangazi."

"Mti haujui kazi yako. Umeambiwa Veneranda, basi ni Veneranda."

Anselm alimtafsiria Daktari, naye akaona hilo ni jambo dogo. Kabla ya masika mti ulizungushiwa seng'enge, ukawekewa askari, na dawa ikapewa jina la Daktari. Zahanati, kila mgonjwa aliandikwa Veneranda. Mzee Bundala, mwenye ndevu hadi kifuani, aliitwa Veneranda, akaitika naam, akanywa, akapona.

Mwaka uliofuata minyoo ilimshika Bertila mwenyewe. Alikwenda kichuguuni na jembe lake. Askari akamrudisha, kwa adabu kabisa. Basi akapanga foleni zahanati kama wengine.

Dirishani alikuwapo Anselm, sasa ana koti jeupe. Hakuinua uso.

"Jina?"

Bertila alisikia harufu ya mzizi wake ikitoka kwenye chupa yenye jina la mtu mwingine. Ilimuuma kuliko tumbo.

"Veneranda," alisema.

Anselm akaandika, akamwambia anywe yote, arudishe kikombe.