Siku ya Mia Tisa Tisini na Nane

Katika ofisi ya kampuni moja ya mafuta, mjini Ardell, kaskazini ya jimbo la Alberta, kulikuwa na ubao uliotunzwa kuliko wafanyakazi. Kila asubuhi meneja, Clayton, alifuta namba ya jana na kuandika ya leo: siku mia tisa tisini na nane bila mtu kuumia kazini. Zikifika elfu, kila mmoja angepewa koti jipya lenye jina la kampuni kifuani. Makoti yenyewe yalikwisha kufika, yako stoo ndani ya maboksi, na Doreen Bohay ndiye aliyeyapokea.

Doreen alikuwa na miaka hamsini na tisa, na hasira zake hazikuwa za jana wala juzi. Kwa miaka kumi na mmoja kazi yake ilikuwa kuwapigia simu watu wanaokagua visima vya mafuta peke yao, kila mtu na gari lake, kila mtu na upande wake wa nyika. Baridi ya kule haina adabu. Mtu akiteleza mahali asipoonekana, saa tatu nne zinatosha kumfanya gogo. Doreen aliwapigia kila saa, na hakupoteza muda kuwauliza kama wako salama, maana watu wa kule hata ukimkuta mmoja wao amelaliwa na ng'ombe atakwambia, "Si mbaya." Aliwauliza wamekula nini. Aliwachokoza, wakamchokoza, naye muda wote anasikiliza sauti. Sauti ikianza kujiburuta, alituma mtu.

Kisha kampuni ikanunua mtambo. Simu ya mkaguzi hulia yenyewe kila saa: bonyeza moja kama uko salama, bonyeza mbili kama unataka msaada. Ukibonyeza moja, jina lako kwenye skrini ya Clayton linakuwa kijani. Doreen akahamishiwa stoo kugawa bolti na glavu, akaambiwa ashukuru kwamba bado ana kazi. Hakushukuru.

Siku hiyo ya Januari ilikuwa nyuzi thelathini na saba chini ya sifuri. Saa nane mchana na dakika chache Doreen aliingia kwa Clayton kutaka saini ya mzigo, macho yake yakaangukia skrini. Orest Hudyma: saa tano, kijani. Saa sita, saba, nane, kijani vilevile, kila mara sekunde chache tu baada ya simu kulia.

"Orest huyu huyu?" aliuliza.

"Tuna Orest wangapi?"

"Mara nne kajibu pale pale?"

"Mtambo umemfundisha adabu iliyokushinda wewe," alisema Clayton.

Doreen hakucheka. Orest alikuwa na miaka thelathini visimani, na katika miaka yote Doreen aliyompigia, hakupokea simu ya kwanza hata siku moja. Simu humkuta juu ya tangi, au mikono imejaa grisi, naye hupiga baadaye akiomba radhi. Mtu anayejibu pale pale hana kazi mkononi. Na mtu asiye na kazi mkononi, kwenye baridi ile, saa nzima baada ya saa nzima, anafanya nini?

"Gari lake liko wapi?"

Clayton akabonyeza kidogo. "Kisima cha kumi na nne. Limeegeshwa toka saa nne na nusu."

"Injini?"

"Imezimwa." Akaona anavyotazamwa. "Anabana mafuta, Doreen. Kijani ni kijani. Utaratibu unasema tunatoka ikiwa nyekundu."

"Huo utaratibu wako una masikio?"

"Hauna. Ndiyo maana haupigi kelele kama wewe."

Doreen aliichukua simu ya mezani bila kuomba ruhusa, akapiga. Ililia mara moja tu.

"Orest, mimi Doreen. Umekula nini leo?"

"Si mbaya," alisema Orest, na maneno yalitoka kama ya mtu mwenye uji mdomoni.

"Sijakuuliza hilo. Umekula nini?"

"Mke wangu... kanifungia maandazi ya viazi."

"Umeyala?"

Simu ikakatika.

"Si umemsikia?" alisema Clayton. "Kasema si mbaya."

Doreen alishaanza kuvaa. "Ita ambulensi."

"Niwaambie nini, kwamba mtu hajala maandazi yake? Na huwezi kwenda huko peke yako, ni kinyume cha sheria."

"Basi niingize kwenye mtambo wako. Nitakuwa kijani."

Ambulensi aliiita mwenyewe, usukani mkono mmoja, na alipoulizwa kuna tatizo gani alisema hajui, lakini waje upesi. Njia nzima alikuwa akimtukana Clayton, kisha kampuni, kisha Orest, kisha akajigeukia mwenyewe kwa kukubali kukaa stoo kimya mwaka mzima.

Gari la Orest lilikuwa limeganda pale pale lilipoegeshwa. Kutoka chini ya ngazi ya tangi, iliyovaa barafu ngazi nzima, kulikuwa na mfuo kwenye theluji, mpana, wa kitu kilichoburutwa hadi kibanda cha bati chenye mita ya kupimia mafuta. Kibanda kilikuwa karibu kuliko gari. Hita ya kibandani ndiyo Orest aliyokuja kuiwasha tena, kwa hiyo ilikuwa imezimika.

Alikuwa ameketi, mgongo kwenye bomba. Mguu wa kulia ulikuwa umegeukia upande ambao mguu haugeukii. Glavu ya mkono wa kulia iko sakafuni, simu iko kiganjani.

"Doreen," alisema polepole. "Si ungepiga tu."

"Nimepiga, mpumbavu wee. Mguu umefanyaje?"

"Umeteguka kidogo."

"Kisigino kinatazama mbele, nawe unaniambia umeteguka. Kwa nini hukubonyeza mbili?"

Orest aliinamisha uso, mtu mzima na ndevu zake. "Zimebaki siku mbili. Vijana wanayangoja yale makoti. Nikasema nitatambaa mpaka garini, nijiendeshe nyumbani, niseme nimeangukia kwangu. Baadaye usingizi ukanijia."

Hapo ndipo Doreen alipoutazama vizuri ule mkono. Vidole vilikuwa vyeupe na vigumu kama mshumaa. Simu zile hazisikii kidole kilicho ndani ya glavu. Kila ilipolia, Orest alivua glavu ili aseme yuko salama, na safari ya tatu hakuweza kuivaa tena. Mkono wa kushoto, ambao haukubonyeza chochote, ulikuwa mzima.

Doreen aliuingiza ule mkono ndani ya sweta lake, kwapani, akamfunika Orest kwa kila kitambaa alichokuwa nacho garini, akalia. Hakulia kwa huruma. Alilia kwa sababu mtambo ule ulikuwa umefanya kazi yake sawasawa.

Kesho yake asubuhi Clayton alifika hospitali na boksi la donati na fomu ya ajali, akamkuta Doreen kando ya kitanda cha Orest. Daktari alikwisha kusema mguu umevunjika mahali pawili na vidole vitatu havitapona, vitakatwa. Clayton alimpa Orest pole, na huenda alimaanisha. Kisha akavuta kiti.

"Nimeandika mia tisa tisini na tisa," alisema. "Sikilizeni. Siku inahesabiwa imepotea endapo tu mtu hakufika kazini zamu inayofuata. Tutamchukua mchana na kiti cha magurudumu, akae mezani, apokee simu kwa saa moja, tumrudishe hapa. Atakuwa amefika kazini. Kwenye fomu tunaandika jeraha dogo, huduma ya kwanza."

"Atapokea kwa mkono gani?" aliuliza Doreen.

"Wa kushoto upo."

Alilisema bila aibu, akaiweka fomu kitandani. Orest aliunyoosha mkono wa kulia kwa mazoea, bandeji nene kama mkate, kalamu ikaanguka.

"Doreen atakusainia," alisema Clayton. "Mnajuana."

"Nisaidie, Doreen," alisema Orest. "Tuyamalize haya. Sitaki vijana wanichukie."

Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini humuumbua yeye. Aliyemfundisha kuyaficha huja na donati. Doreen aliiokota kalamu. Alikata mstari juu ya jeraha dogo na mwingine juu ya huduma ya kwanza, akaanza kuandika, akisoma kwa sauti kila neno. Ngazi ya tangi ilikuwa na barafu. Mguu umevunjika mahali pawili. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vitakatwa.

"Hiyo ni fomu ya kampuni," alisema Clayton.

"Na vidole ni vya nani?" Akamgeukia Orest. "Nioneshe palipo na uongo, nitapafuta sasa hivi."

Orest aliinamia fomu, akaisoma mstari kwa mstari. Doreen aliogopa, maana alidhani anajua neno linalokuja, lile lile la siku zote: "Si mbaya."

"Ongeza," alisema Orest. "Ongeza kwamba simu ilikuwa mkononi mwangu muda wote. Ningeweza kuomba msaada saa yoyote ile. Andika kwamba niliuogopa ule ubao kuliko baridi."

Doreen aliandika kama alivyoambiwa, kisha akamsogezea Clayton fomu na kalamu, pale penye nafasi ya saini ya meneja.