Mji Aliouchora Bénédicte Ukutani

Mwaka 2011, kanisa letu la Rubondo, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, lilipopigwa lipu, Pasta Nehemiya alimwomba Bénédicte achore Yerusalemu mpya nyuma ya mimbari. Bénédicte alikuwa akichora vibao vya saluni kule Kakoba, Mbarara, na rangi zilizobaki alirudi nazo kambini. Alijifungia humo kanisani wiki nzima, hakutaka mtu achungulie. Jumamosi akafungua mlango.

Pasta aliingia kwanza. Nyumba zote za mji ule zilikuwa na miguu, nyingine zimevaa kandambili. Pampu ya maji ilikuwa ikipanda mlima kwa baiskeli. Juu ya mapaa walilala ng'ombe.

"Binti yangu, hii ni Yerusalemu gani?"

"Ni ile ile, Pasta. Ila malaika hawakunitumia ramani."

"Na hii pampu inaenda wapi?"

"Inapelekea bamama maji nyumbani. Kule hakuna kupanga foleni ya majerikani."

"Na ng'ombe?"

"Ni za Mzee Mutabazi. Alisema bila ng'ombe zake, mbinguni haendi."

Mutabazi mwenyewe, mfugaji, alikuwa mlangoni. "Nilisema kweli," akaitikia. "Lakini ile dume yangu umeikondesha."

Pasta akakohoa. "Na mimi niko wapi?"

Bénédicte akamwonyesha mtu mdogo aliyepanua mdomo mbele ya watu waliosinzia wamelalia mito. "Pale. Uko unamalizia mahubiri."

Pasta alijitahidi kukasirika, akashindwa. Alicheka mpaka akashika mimbari.

Mama Mukarukundo, mjane aliyekuwa akifagia kanisa, hakucheka. Alisogea karibu na ukuta, ufagio mkononi, akataka kujua sababu.

"Juu ya nini nyumba ziko na miguu?"

"Vita ikikuja, Mama, nyumba inasimama, inaondoka na benyewe ndani. Hata sufuria moja haibaki."

Mama akauegemeza ufagio kwenye mimbari.

"Nichoree na yangu," akasema. "Lakini isikuwe na miguu. Mimi nilishakimbia mingi."

Bénédicte akaokota brashi. Pasta akaivuta ngazi mwenyewe, akaisimamisha ukutani.

"Fasi gani, Mama?" Bénédicte akauliza polepole.

"Hapo, karibu na maji. Na uweke mlango mupana. Niko na bashemeji banene."