Ndege wa Baba kwenye Trei ya Mama

Kwenye chumba chetu cha kazi kuna sheria moja tu, na aliitunga dada yangu mwenyewe: ukimimina dawa, tangaza. Resini, ule utomvu wa plastiki tunaomimina juu ya vyombo vya mbao ving'ae, peke yake haigandi hata ukiikalia mwezi mzima. Inagandishwa na dawa yake, na hiyo dawa haina rangi, kama resini yenyewe. Ukishazichanganya kikombeni, hakuna binadamu atakayetazama akakwambia dawa imo au haimo. Kwa hiyo anayemimina hupaza sauti: "Dawa imeingia!" Na mwenzake, hata akiwa uani anaanika matambara, lazima aitikie: "Nimesikia!" Wapita njia wanatuona wendawazimu. Acha watuone. Tangu tuanze kazi hii hatukuwahi kuharibu hata kikombe kimoja.

Mpaka wiki ile tuliyonuniana.

Dada alipata kazi kwenye karakana kubwa, mji mwingine, na mimi nilikuwa mtu wa mwisho kuambiwa. Wa mwisho! Mama alijua. Fundi cherehani wa chumba cha jirani alijua. Mimi ninayeshinda naye meza moja ndiye nikaja kusikia kwa fundi, tena kwa bahati, akidhani najua. Mdomo wangu hauna breki, ndiyo maana nyumbani naitwa Kasuku. Nikamwambia dada kumbe mimi nilikuwa ngazi, sasa umeshapanda unaipiga teke. Yeye akaniambia amechoka kulea mtu mzima. Basi, hapo ndipo tulipofunga midomo. Ukitaka kijiti cha kukorogea kilicho mbele ya mwenzako, unazunguka meza ukichukue mwenyewe.

Mama si mjinga. Siku hizohizo akatuletea trei yake, kaizungushia taulo kama mtoto mchanga.

Trei yenyewe ni ya mbao, imechakaa, imejaa alama za vikombe. Lakini aliichonga baba. Baba alikuwa dereva wa lori, si seremala, na kusema kweli inaonekana: pembe moja iko juu kuliko nyingine, na katikati kuna ndege aliyemchora kwa kisu kidogo, ndege ambaye sisi watoto tulisema ni kiatu. Baba alibisha. Alibisha mpaka anaingia kaburini kwamba yule ni ndege. Hatuna kitu kingine alichokitengeneza kwa mikono yake. Kila mama akitaka kupanga vikombe, kwanza anapitisha kidole gumba juu ya yule ndege, halafu ndiyo anapanga.

"Naitaka iwe na rangi," mama akasema. "Dada yako anasafiri Jumamosi. Asubuhi ile nitamwandalia chai kwenye trei hii. Mtaitengeneza wote wawili." Akatutazama mmoja mmoja. "Ila ndege wa baba yenu akipotea, msije kwangu na mikono mitupu, wala msije na mikono iliyojaa."

Rangi tuliimwaga Jumatano. Dada alimfunika ndege kwa selotepu, akaikata pembezoni kwa wembe, taratibu, ulimi nje. Mimi nikapaka nyeupe ya chini. Kisha nikajaza kikombe: bluu, kijani, nyeupe, dhahabu kidogo, moja juu ya nyingine bila kukoroga. Nikakifudikiza juu ya trei, nikakiinua, rangi ikaanza kutambaa. Hapo inabidi trei iinamishwe, na trei ile ni nzito, inataka watu wawili. Kila mmoja akashika pembe mbili. Siku zote tunaambiana: kwako, kwangu, ngoja, basi. Siku ile hakuna aliyesema kitu. Nilikuwa namsoma mabega. Akishusha bega la kulia, nami nainua. Jasho lilinitoka kwa woga kwamba nitakosea naye atapata la kunisema.

Ikatoka nzuri, jamani! Bluu ilipasuka ikaacha vijicho vyeupe, dhahabu ikajipenyeza katikati. Nilitaka kupiga kelele, "Dada, hebu tazama!" Nikameza mate.

Ijumaa asubuhi rangi ilikuwa kavu. Tukatoa selotepu, ndege yule pale, mbao tupu katikati ya rangi. Ilibaki resini, koti jembamba la kuziba kila kitu chai isiingie, ila mikato ya kisu ibaki ikigusika. Ikimiminwa asubuhi, hadi kesho yake imeshika. Ikikataa, hakuna siku nyingine.

Nikavaa glavu, nikapima resini, nikapima dawa, nikamimina. Nikafungua mdomo nitangaze, kwa mazoea tu. Nikauona mgongo wa dada. Kanipa mgongo kama ukuta. Nikasema moyoni, kwani mimi mbwa, wa kubweka peke yangu? Nikaufunga mdomo. Mara fundi cherehani akagonga dirisha, anataka mkasi wake tulioazima. Nikatoka kumpelekea.

Niliporudi, kikombe kilikuwa kimejaa kuliko nilivyokiacha. Nikakitazama, nikamtazama dada, anapanguza meza kama hayupo. Damu ikanipanda. Nikajua tu: kaona kipimo changu kidogo, kaongeza resini na dawa yake bila kunisemesha, ili nijione sijui kazi. Swali moja lingetosha, "Dada, umetia nini humu?" Hata! Nikakoroga kwa hasira, nikamimina katikati ya trei, juu ya ndege kwanza.

Kikombe kikaanza kupata joto mkononi. Joto kidogo ni la kawaida, tena baadaye. Hili lilikuja palepale, likapenya glavu, na harufu kali ikapanda puani.

"Dada!" Ndiyo lilikuwa neno langu la kwanza kwake tangu tugombane. "Ulitia dawa humu?"

"Nilitia. Nimekuta resini peke yake."

"Haikuwa peke yake! Nilishatia mimi!"

Alipauka. Aliruka akaninyang'anya kikombe, akakikimbiza uani, akakiweka sakafuni, nacho kikaanza kutoa moshi. Mimi nimesimama tu, mikono juu, kama niliyekamatwa.

Sote wawili tulijua maana yake. Dawa ikizidi, resini inashika upesi lakini haikauki. Inabaki mpira, inanata maisha. Ukitaka kuitoa, ni msasa mpaka kwenye mbao. Na msasa haujui ndege.

"Kadi!" dada akasema. "Leta kadi yoyote!"

Tukakwangua kwa kadi kuukuu za plastiki, yeye upande huu, mimi upande ule, tunasukumia kingoni, tunapangusa, tunarudi. Juu ya rangi ilikubali kutoka. Kwa ndege ilikataa, imeshazama ndani ya mikato ya kisu na inaanza kuvutika nyuzi. Dada akachovya pamba ya masikio kwenye spiriti.

"Spiriti itakula rangi!" nikasema.

"Acha iile." Hakuinua kichwa. "Rangi ipo dukani. Baba tutamtoa wapi?"

Nikawasha tochi ya simu, nikamulika, kichwa changu kimegusana na chake. Bawa likatoka. Kichwa kikatoka. Rangi nzuri ya kuzunguka ndege ikaanza kuyeyuka na kuchafuka, nami wala sikuitazama. Roho yangu yote ilikuwa kwenye mkia, maana mkia ulikuwa umeshaanza kushika na pamba inateleza juu yake.

"Sindano," dada akasema.

Nilimpigia fundi cherehani ukelele uliotikisa bati. Akaipitisha sindano dirishani bila kuuliza. Nadhani alidhani kuna mtu anakufa.

Dada akaanza kuchokoa. Chozi likamdondoka, likaangukia kwenye trei, nikalipangusa kwa kidole.

"Nilikuficha," akasema, sauti ndogo kabisa, "kwa sababu wengine nikiwaambia, naondoka. Nikikwambia wewe, nabaki."

Nikasogeza tochi karibu na mkia.

"Chokoa mkia," nikamwambia. "Tutalia baadaye."

Akachokoa. Mpira ukatoka kipande kizima, na sindano ikateleza, ikachora mbao chini ya tumbo la ndege. Mstari mdogo, lakini upo. Tukatazamana.

Tulisafisha, tukakausha, tukaacha duara lililoliwa na spiriti kama lilivyo. Kisha dada akapima resini upya. Mimi nikapima dawa. Nikamimina.

"DAWA IMEINGIA!"

"Nimesikia!" Alikuwa amesimama karibu yangu kabisa, lakini aliitikia kana kwamba yuko ng'ambo ya mtaa, huku analia na kucheka. Fundi cherehani naye akaitikia kutoka kwake. Tukacheka mpaka tukashika meza.

Jumamosi mama akaiweka trei mezani. Akaigeuza huku na huku kwenye mwanga. Akapitisha kidole gumba juu ya ndege, polepole. Kidole kikafika chini ya tumbo, kikasimama. Kikarudi. Kikasimama tena.

"Hapa kuna nini?"

Dada akanikanyaga mguu chini ya meza. Mimi nikaangalia dari.

Mama akainama, akatazama kwa karibu.

"Kumbe alikuwa na mguu," akasema. "Miaka yote nabishana na baba yenu. Kumbe kweli ni ndege." Akajifuta jicho kwa mgongo wa mkono, akaanza kupanga vikombe, cha dada kwanza.

Dada aliondoka siku ile. Sikumzuia. Mzigo wake mkubwa niliubeba mimi, na njiani nilimtania kwamba huko aendako asije akalea watu wazima.

Siku za kwanza nilifanya kazi kimya. Nilipima, nikamimina, nikakoroga, na kila mara nilitazama kikombe nisijue kama dawa imo, ingawa nilikuwa peke yangu na mkono ulikuwa wangu. Kimya kile kilinila.

Kisha asubuhi moja simu ikalia. Nikaipokea kwa kiwiko, glavu zimejaa rangi. Hakunisalimia. Nyuma yake nilisikia mashine zinanguruma na watu wengi wasiosemezana.

"Dawa imeingia," akasema dada.

"Nimesikia," nikamjibu.

Akakata, akarudi kazini kwake, nami nikarudi kazini kwangu.