Kiti cha Mama Mkwe

"Kama hamwezi kula meza moja na mimi, Shangazi, semeni wazi kwamba mmenikataa, nijue moja!"

"Nani kakukataa? Nimesema meza mbili. Tangu lini meza mbili zikawa kukataliwa?"

"Nimeagiza meza moja. Viti vitano. Nimeagiza wiki mbili kabla, kwa barua!"

"Hata ungeagiza kwa ngoma, huyu hali mbele yako. Wifi, inuka hapo!"

Paskalia hakuinuka. Angeinuka aende wapi? Mlango wa nje ulikuwa mbali, na njia ya kuufikia ilipita katikati ya meza za watu. Alivuta kanga mpaka puani, akaikodolea macho supu iliyoanza kuganda mafuta mbele yake. Upande wa pili wa meza, mikono miwili tu kutoka alipokaa, alikuwa Donatus, aliyeiagiza meza hiyo, kijana ambaye Jumamosi angemwoa binti yake Limi. Kati yao palikuwa na chupa ya maua ya karatasi, na maua hayo yalikuwa machache mno kumficha mtu.

Hapo ni kwenye chumba cha mbele cha hoteli ya Stavro, Mgiriki, mjini Shinyanga, mwaka elfu moja mia tisa hamsini na sita. Hoteli ya vitambaa vyeupe na uma mbilimbili. Mwaka huo Waafrika walikuwa wameanza kukubaliwa chumba cha mbele, ilimradi wawe na viatu. Makoye, mumewe Paskalia, alikuwa ameazima viatu vya katekista, vikambana mpaka akavifungua kamba chini ya meza. Mageni, dada yake Makoye, ndiye huyo aliyekuwa akigombana. Yeye aliingia na makatambuga yake ya tairi, na boi wa mezani, mzee mmoja wa Kahama jina lake Sikujua, akajifanya hakuyaona.

"Dada, punguza sauti," alisema Makoye, akifuta sahani yake ya supu kwa mkate. "Watu wanakula."

Kweli walikuwa wanakula, ila si wote kwa raha. Meza ya jirani alikaa karani wa chama cha ushirika cha pamba na mkewe. Mke alikuwa ameshaisifu supu mara tatu; mume alikuwa akimchoma kuku wake kwa uma kama anayemuuliza umri. "Huyu hakuchinjwa," alimwambia mkewe. "Huyu alistaafu." Kwenye kona wanunuzi wawili wa pamba walikula kimya, wakaongeza sahani ya pili. Na karibu na dirisha la ubavuni mwa meza walikaa makarani watatu wa mgodi wa dhahabu wa Geita, wenzake Donatus, waliosafiri naye kuja kumwoza. Hao walikuwa wameacha kula kabisa. Walikuwa wanatazama.

"Dona!" aliita mmoja wao, Athanas, mwenye tai nyekundu. "Mama mkwe anaogopa supu au anakuogopa wewe?"

Wenzake wakacheka. Donatus akatabasamu meno tu, shingo ikimvimba juu ya kola.

Mzee Sikujua alisogea, akainama karibu na sikio la Mageni. Yeye Msumbwa, jirani wa Wasukuma, mambo ya ukwe hakuhitaji kufundishwa. "Mama, jikoni nyuma kuna meza ndogo," alisema. "Pana kivuli, pana upepo. Naweza kumpelekea mama chakula chake kule, akala kwa nafasi."

"Boi, nani kakuuliza wewe?"

Donatus alisema kwa nguvu mpaka mke wa karani akaweka kijiko chini. Sikujua akarudi nyuma hatua moja, mvi zake zote kichwani. Paskalia alisikia uso wake ukiwaka moto chini ya kanga, kama yeye ndiye aliyekaripiwa.

"Huyo ni mzee, mwanangu," alisema Makoye taratibu.

Donatus akajipangusa uso kwa kitambaa cha mezani. Alipoanza tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Samahani, mzee. Samahani, Baba. Lakini jikoni, hapana. Mama yangu alipika kwenye nyumba ya watu miaka ishirini, kule kwetu Bukoba. Chakula alichopika yeye kililiwa mezani, yeye akala amesimama pembeni ya jiko, masufuria yakimtazama. Siku moja walimwita sebuleni wampongeze kwa keki. Wakampongeza, wakampa kipande, wakamwambia akakilie jikoni. Amekufa hajaketi kwenye kiti cha chumba cha mbele hata siku moja. Nikaapa kwamba mama wa mke wangu hatakula jikoni. Ndiyo maana niko hapa. Mlidhani nimewaleta hapa niwaonyeshe uma?"

Paskalia alikuwa amedhani hivyohivyo. Tangu barua ilipofika kule kwao karibu na Songwa, ikisomwa na Limi kwa sauti ya kutetemeka, alidhani kijana anataka kujionyesha. Alijiandaa kumvumilia, kama mtu anavyovumilia mvua ya njiani. Hakujiandaa kumwonea huruma.

"Pole kwa mama yako," alisema Mageni, na alimaanisha. "Lakini wewe unaoa kwetu, huoi Bukoba. Kwetu mkwe na mama mkwe hawali wakionana. Wakikutana njiani mmoja anaingia vichakani mpaka mwenzake apite. Mambo hulegezwa baadaye, wajukuu wakishazaliwa, kwa taratibu zake. Leo hata harusi haijafika! Akila hapa, mbele ya macho yako, amejivua nguo. Nisiseme zaidi."

"Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua! Nami sitakanyaga harusi hiyo."

Na Mageni akijua, alifikiri Paskalia, Songwa yote itajua kabla ya jua kuzama. Hakuwa mtu wa kuogopa kwamba mvunja mwiko hupigwa na radi. Alikuwa Mkristo, amelea watoto sita, na radi haikuwahi kumpiga kwa kosa lolote alilolifanya, na aliyafanya. Alichokiogopa ni midomo. Limi akichelewa kupata mimba, watasema ni ule mlo. Mtoto akiugua, ule mlo. Ng'ombe akivunjika mguu, mama yake alikula kuku mbele ya mkwe. Tena haikuwa midomo tu. Alimkumbuka mama yake mwenyewe akitua mtungi wa maji barabarani na kukimbilia shamba la mtama kila Makoye alipotokea, mpaka mtoto wa pili alipozaliwa. Heshima ile ilikuwa ya kweli. Makoye hakuwahi kumjibu vibaya mama yule hata siku moja.

"Basi na mimi niseme langu," alisema Donatus. Hakumtazama Mageni tena. Alizungumza na maua ya karatasi. "Kwetu anayekataa chakula changu amenikataa mimi. Treni ya Mwanza ni saa kumi. Mama asipokula, nitapanda, na hawa wenzangu watapanda, na Jumamosi padri atamwoza mtu mwingine. Baba, wewe unasemaje?"

Makoye akacheka kidogo, cheko la mtu aliyekamatwa. "Mimi? Mimi nimekula. Supu nzuri kweli. Hayo mengine ni ya wanawake."

Paskalia alimtazama mumewe kwa pembeni ya kanga. Makombo ya mkate kidevuni, viatu vya mtu mguuni, furaha usoni. Mwenzake kafurahia hoteli. Angelikuwa nyumbani angemwambia neno. Hapa alilimeza, na ndicho kitu cha kwanza alichokimeza tangu aketi.

Ndipo akaona kwamba katika makelele yote yale hakuna aliyemgeukia Limi. Msichana alikaa kati ya baba yake na shangazi yake, na gauni la bluu alilojishonea, akichambua mkate vipande vidogo kama anayelisha kuku. Miaka miwili alikuwa amefundisha darasa la kwanza shule ya misheni. Watoto arobaini walinyamaza akiwatazama tu. Leo yeye ndiye aliyenyamaza.

"Limi," alisema Paskalia kwa Kisukuma, sauti ya chini. "Unamtaka huyu?"

"Namtaka, Mayu."

"Hata akipiga kelele hivi?"

"Hapigi kelele siku zote. Leo anaogopa."

"Anaogopa nini?"

"Wale pale dirishani. Na wewe."

"Na wewe unaogopa nini?"

Limi akaacha mkate. "Kwamba nitakwenda Geita, na wewe hutakuja kamwe. Akiondoka na hasira hii, hata akirudi kunioa, hutakuja. Utatuma salamu. Mtoto atazaliwa, utatuma kanga. Nawajua ninyi wawili."

Donatus alikuwa akitazama kutoka uso hadi uso. Kisukuma chake kiliishia kwenye kusalimia. "Anasema nini?" aliuliza.

Sikujua akafika na sinia. Kuku wa kuoka, viazi, kabichi. Akaweka sahani mojamoja, ya Paskalia akaiweka mwisho, polepole. Makoye akamchukua wake kwa mkono, akakumbuka, akamrudisha, akashika uma.

Paskalia akasimama.

"Afadhali," alisema Mageni, akikusanya mfuko wake. "Twende, wifi. Tutakula embe stesheni."

"Dona, kata tiketi!" Athanas akapiga kelele kutoka dirishani. "Mama mkwe huyoo, anaaga!"

Donatus akawa amepauka. Mkono wake ulikuwa umeshakamata ukingo wa meza.

Lakini Paskalia hakwenda mlangoni. Alishika kiti chake mgongoni kwa mikono miwili, akakiinua, maana hakutaka kiparuze sakafu ya watu, akakigeuza. Kisha akaketi tena palepale, mgongo wake ukielekea meza na mkwe, uso wake ukielekea chumba kizima. Akashusha kanga kutoka puani, akaitandika mapajani.

"Mzee wangu," alimwambia Sikujua, "niletee sahani yangu hapa. Na maji ya kunawa."

"Wifi!" Mageni alisimama nusu. "Unampa mkwe mgongo?"

"Mgongo, wifi. Huko vichakani ulikotaka niingie ningempa nini? Kilichokatazwa ni kuonana tukila. Sitamwona."

"Na hawa wote wanaokuona?"

"Hawa si wakwe zangu."

Mke wa karani wa ushirika akacheka, akajiziba mdomo. Paskalia alimwangalia mpaka akaacha. Halafu akasema bila kugeuza kichwa, kwa Kiswahili sasa, ili kila mtu asikie:

"Limi, mwambie mwenzako hivi. Chakula chake nakula. Nakula chumba cha mbele, kwenye kiti, mama yake apumzike. Lakini simtazami, naye asinitazame. Ageuze kiti chake kama nilivyogeuza changu. Asipotaka, asipige kelele tena, treni ipo."

"Amesikia, Mayu."

"Najua amesikia. Mwambie."

Limi akamwambia, neno kwa neno, kwa sauti yake ya darasani.

Sikujua alileta bakuli la maji. Paskalia akanawa, akapokea sahani mapajani. Uma ulikuwepo, akaurudisha kwenye sinia. Macho ya chumba yote yalikuwa juu yake: wanunuzi wa pamba, karani na mkewe, vijana watatu wa Geita. Maisha yake yote hakuwahi kutazamwa na watu wengi hivyo akiwa na chakula mkononi. Akashika paja la kuku, akararua.

Nyuma yake Mageni alisema jambo fulani kuhusu marehemu mama yake na Makoye. Kisha makatambuga yakaburuza sakafu kwenda barazani, yakatua huko, hayakuendelea. Atalipeleka jambo hili Songwa, hapakuwa na shaka. Atalipeleka lote, na mgongo pia atautaja, kwa sababu Mageni hakuwa mwongo. Watu watalitafuna watakavyo.

Alitafuna. Nyuma hakuna kiti kilichosogea. Alijua jambo hilo lina uzito gani kwa kijana yule: akigeuza kiti atakaa wazi mbele ya Athanas na wenzake, na sahani mapajani kama mtu wa shambani, kwenye hoteli aliyoiandikia barua. Athanas alikuwa ameshajiegemeza, tayari mdomoni ana neno.

Paskalia aling'ata mara ya pili. Hakugeuka. Kugeuka kungeharibu yote, na shingo ilimuuma kwa hamu.

Kiti kikaparuza. Si kwa adabu kama chake. Kiliparuza sakafu mpaka wanunuzi wa pamba wakainua vichwa. Mtu akashusha pumzi. Sahani ikaondolewa mezani.

"Athanas," ilisema sauti ya Donatus, sasa ikitoka upande mwingine, "ukicheka, nitakuja hapo."

Athanas akatazama viazi vyake.

"Amegeuka, Mayu," alisema Limi taratibu.

"Basi ale."

Kuku alikuwa mgumu kweli, karani hakumsingizia. Hata chumvi hakupakwa vizuri. Paskalia alimtafuna hata hivyo, mfupa kwa mfupa, akamwita mzee Sikujua amletee chumvi, na alipoipata akainyunyiza na kuendelea kula mpaka sahani ikabaki tupu.