Wino wa Unyayo

Wino, Twaiba aliujua. Kwenye meza yake ya kutengenezea kadi pale Msambweni alikuwa na wa aina mbili: wa mafuta, ung'ang'anao hata ukisuguliwa kwa sabuni, na wa maji, ambao haukauki mpaka karatasi iunywe. Kadi za harusi alizigonga mihuri kwa ule wa mafuta, tena kwenye karatasi ya kung'aa, maana maharusi wa kwetu ukiwapa kadi iliyofifia watakuuliza nani kafa.

Asubuhi hiyo mdogo wake, Husna, alifiwa na mwanawe wa siku mbili. Picha hata moja hakuwa nayo. Kwao mtoto hapigwi picha kabla ya arobaini, kwa kuogopa jicho la hasidi.

"Dada, nichukulie unyayo wake kabla hajatiwa sanda," alimwomba. "Nitabaki na nini mimi?"

Twaiba alikuja na sanduku lake la kazi. Bi Mwanasiti, mwosha maiti, alikuwa ameshakunja mikono ya nguo.

"Shikamoo, Bi. Nataka unyayo wake tu."

"Marahaba, mwanangu. Chukua, lakini wino wako usigande. Maji ya josho lazima yafike kwenye ngozi."

Basi wa mafuta haukufaa. Twaiba akaupaka unyayo ule mdogo wino wa maji, akaukandamiza kwenye kadi. Vidole vitano vikatoka, kila kimoja na mkunjo wake. Alifurahi, Mungu amsamehe. Akaiweka kadi dirishani ikauke. Bi Mwanasiti akamwaga maji, wino ukatoka wote, na baada ya adhuhuri mtoto akapelekwa kuzikwa.

Kumbe kadi aliyoitwaa ilikuwa ya kung'aa. Mkono uliozoea harusi haukuuliza. Karatasi ile hainywi maji, hata uianike wiki nzima, na ya kawaida ilikuwamo sandukuni, rundo zima. Twaiba aliyagundua hayo alipomwona Husna ameshaichukua kadi, anaupapasa unyayo kwa kidole gumba, taratibu, kama mama anayembembeleza mtoto alale.

"Husna, usiguse!"

Husna aliinua kidole. Kilikuwa cha buluu, na kwenye kadi hapakuwa na unyayo, palikuwa na doa.

Akamnyooshea dada yake ile kadi.

"Basi nichukulie unyayo mwingine," alisema.

Nje, wanaume waliotoka makaburini walikuwa wakinawa udongo.