Fuvu la Mathias na Swali la Wakelti

Katika kijiji chetu cha Salzegg, mtu huzikwa mara mbili. Kanisa limebanwa kati ya mlima wa chumvi na ziwa, na uwanja wa makaburi hautoshi. Baada ya miaka kumi au kumi na mitano, kaburi hufunguliwa ili limpishe marehemu mwingine. Fuvu la aliyetangulia hutolewa na kuanikwa juani mpaka liwe jeupe, kisha huchorwa: jina na mwaka kwenye paji la uso, shada la majani ya mwaloni kwa mwanamume, maua kwa mwanamke. Mwishowe huwekwa katika nyumba ya mifupa, kila ukoo na safu yake.

Safu yetu akina Gamsjäger inaanzia kwa Mathias, mchimba chumvi, aliyefariki 1803. Inaishia kwa baba yangu, Alois. Mama yangu, Notburga, alitaka kuwekwa kando ya baba siku yake itakapofika. Baba Mkubwa Korbinian, kaka yake baba na mwenye kauli juu ya safu, alikataa.

"Shemeji, mimi nakuheshimu," alimwambia. "Ila wewe ni mtu wa ng'ambo."

Ng'ambo ni upande wa pili wa ziwa. Ukungu ukiondoka, Mama, akiwa amesimama penye jiko lake, huweza kuliona paa la nyumba alimozaliwa.

"Wake wote waliomo kwenye safu walizaliwa chini ya mlima huu," Baba Mkubwa aliendelea. "Sisi tuko hapa tangu enzi za wale watu wa kale, Wakelti. Hatujawahi kuchanganya."

Hoja hiyo niliisikia tangu utotoni. Nilipokwenda chuo kusomea ualimu wa historia, nilirudi na maswali. Yeye alikuwa bado na jibu lilelile. Jirani zetu wa Hallstatt walipata heshima ya zama nzima za kale kuitwa kwa jina la kijiji chao. Sisi tulipata uwanja wa kuegesha mabasi ya watalii wanaokwenda kwao, na Baba Mkubwa, ambaye aliwaeleza watalii hao, bila kuulizwa, kwamba Mkelti halisi ndiye huyu hapa.

Majira ya kuchipua alikuja Daktari Ottilie Brandmayr, mtafiti wa mifupa ya kale kutoka Vienna. Alikuwa akichimbua makaburi ya wachimba chumvi wa zamani, juu ya kijiji. Aliwaomba wakazi wa sasa mate kidogo katika vichupa, ili alinganishe vinasaba vyao na vya wale wa kale. Mama alimkaribisha chakula, supu ya madonge ya jibini, na Baba Mkubwa akajikaribisha mwenyewe.

"Daktari, hebu tuambie," alianza kabla ya kijiko cha pili. "Wakelti walianzia huku kwetu, si ndiyo?"

"Ndivyo nilivyofundishwa," Daktari alijibu. "Kwamba walianzia huku, kwenye chumvi na chuma, wakasambaa magharibi mpaka Ayalandi."

Baba Mkubwa alimtazama Mama kama mtu aliyekula karata zote mezani.

"Lakini siku hizi wengi hawakubali," Daktari aliendelea. "Wapo wanaosema lugha ya Kikelti ilizaliwa pwani ya Atlantiki, ikaja huku mikononi mwa wafanyabiashara. Wengine wanasema hapana, ni katikati, huko Ufaransa."

"Na wewe?" nikauliza.

"Mimi nina mifupa, Mwalimu. Mfupa hausemi lugha. Wale watu wa juu hawakuacha hata neno moja lililoandikwa. Sijui walijiitaje. Jina hili la Wakelti tumelipokea kwa Wagiriki, na wao walikuwa wakiwataja watu wa mbali ambao wengi wao hawakuwahi kuwaona."

"Kwa hiyo lugha iko Ayalandi, na mifupa iko huku," nikasema.

"Na kadiri tujuavyo, watu wa kale wa Ayalandi hawakujiita Wakelti hata siku moja."

Mama aliweka mwiko chini. "Sasa Mkelti alikuwa nani?"

"Hilo ndilo swali linalonilipa mshahara, Bibi Notburga."

Baba Mkubwa hakupendezwa. Alisema kwamba mate ni ya watoto wachanga. Kama sayansi inataka ushahidi, ichukue jino la Mathias mwenyewe, mzee wa safu. Daktari alisita; alieleza kwamba hakuwa ameomba mafuvu. Baba Mkubwa alishikilia. Alikuwa na mamlaka ya ukoo, na paroko hakupinga.

"Sawa, shemeji," Mama alisema taratibu. "Tuwekeane masharti hapahapa, mbele ya mgeni. Jino likisema Mathias ni wa ukoo wa wale wa juu, mimi nizikeni kwetu ng'ambo, na sitanung'unika. Likisema vingine, unanipa nafasi yangu kando ya Alois."

"Hata leo ningekupa, kwa jinsi nilivyo na uhakika."

"Basi nipe leo."

"Aa, Notburga. Tusubiri jino."

Tulisubiri kiangazi chote. Mama hakulitaja jambo hilo, lakini jioni moja nilimkuta akipima kwa kiganja upana wa kichwa chake, kutoka sikio hadi sikio. Aliponiona alijifanya anafunga kitambaa.

Majani yalipoanza kupukutika, Daktari alirudi, akaketi mezani petu palepale. Alianza na mate, ambayo hata Baba Mkubwa alikuwa ameishia kuyatoa. Baba Mkubwa alikuwa na nasaba ya wale wachimbaji wa kale, ndiyo, lakini kwa kiasi kilekile alichokuwa nacho Mama, na watu wengi tu wa jiji la Munich.

"Munich?" Baba Mkubwa aliuliza, kama aliyetajiwa ugonjwa.

"Tangu enzi zile watu wamehama na kuoana mno. Hakuna kijiji kinachoweza kudai kuwa karibu nao kuliko kingine."

"Haya, hayo ni mate. Mathias je?"

Daktari alifumbata mikono yake mezani. "Mzee Korbinian, fuvu lile ni la mwanamke."

Jikoni birika lilianza kuimba.

"Haiwezekani," Baba Mkubwa alisema hatimaye. "Lina majani ya mwaloni."

"Majani yalichorwa baadaye. Huyu si ndugu yako wa damu. Na maji anayokunywa mtoto huacha alama katika jino. Maji ya huyu hayakuwa ya bonde hili. Alikulia kusini, ng'ambo ya milima mikubwa."

Nilielewa kabla ya Baba Mkubwa. Makaburi yetu hufunguliwa na kufungwa, mtu juu ya mtu. Aliyechimba alitoa fuvu asilolikusudia, na mchoraji akaandika jina aliloambiwa. Mathias halisi huenda bado yuko chini ya miguu yetu tunapokwenda kusali. Niliwafikiria Wagiriki na brashi yao ndefu, wakiandika neno moja juu ya vichwa vya watu wasiowajua, nasi baadaye tukipanga safu kwa kufuata maandishi.

Mama hakucheka. "Kwa hiyo kila Sikukuu ya Watakatifu Wote mmekuwa mkimwashia mshumaa mke wa mtu kutoka mbali."

Baba Mkubwa alichukua kofia yake akaondoka bila kunywa kahawa.

Siku ya tatu nilimkuta katika nyumba ya mifupa. Alikuwa amevua koti, na alikuwa akisogeza mafuvu moja moja, kwa mikono miwili, kama mtu apangaye mayai. Upande wa kulia wa baba yangu palikuwa na nafasi.

"Yule wa kwanza kwenye safu utamfuta jina?" nikauliza.

Alilichukua lile fuvu. "Amekaa nalo miaka mia mbili. Nikimfuta nitamwitaje?" Akapangusa vumbi kwenye paji la fuvu kwa kidole gumba. "Hivi huyu alikuja kufanya nini huku, mwanangu? Kusini kuna jua, kuna divai. Alifuata nini kwenye mlima wa chumvi?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiuliza swali asilokuwa na jibu lake.

"Labda alimfuata mtu," nikasema.

Aliguna, akavaa koti. Mlangoni aligeuka. "Mwulize mama yako anataka waridi au maua ya bluu ya mlimani. Mchoraji huchelewa, ni vizuri ajue mapema."

Nilimfikishia Mama ujumbe. Alikuwa akimenya viazi, na hakuinua uso.

"Mwambie shemeji," alisema, "nataka majani ya mwaloni."